Kompyuta za mitaani zilindwe kwa ushirika

Kila mitihani ya majaribio inapokaribia, walimu wa Temeke na Kinondoni huonekana mbele ya maduka ya steshenari wakiwa na flashi mkononi. Ndani ya vifaa hivyo vidogo mna maswali ambayo mwanafunzi hapaswi kuyaona kabla ya siku yake. Nyuma ya mwalimu husimama mtumishi wa kata aliyekuja kujaza malengo yake ya kazi katika mfumo wa PEPMIS, ule uliochukua nafasi ya OPRAS. Nyuma ya mtumishi husimama mjane mwenye cheti cha kifo cha mumewe, anayetaka nakala za kupeleka kwenye mfuko wa pensheni. Wote watatu hukabidhi siri zao kwa kompyuta moja, iliyo juu ya meza moja, mikononi mwa kijana mmoja mwenye haraka.

Ni nani anayeilinda kompyuta hiyo? Katika mitaa mingi jibu la kweli ni kwamba hakuna. Yupo fundi, lakini fundi huyo huitwa mashine ikishagoma. Huja, hufuta kila kilichomo, huweka programu mpya ambayo mara nyingi ni ya kunakiliwa bila leseni, hupokea ujira wake na kwenda zake. Hakuna anayeuliza ni kitu gani kilichoiangusha mashine, wala mafaili ya wateja yaliyokuwamo yamekwenda wapi. Baada ya muda mfupi huitwa tena. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika maduka haya ukuta hujengwa na kubomoka mara kadhaa kwa mwaka, na ufa wenyewe haujapata kuzibwa.

Jambo hili si dogo, wala si la wenye maduka peke yao. Kwa hesabu ya Sensa ya mwaka 2022, Temeke ilikuwa na wakazi 1,346,674 na Kinondoni wakazi 982,328. Kwa pamoja ni zaidi ya watu milioni mbili na laki tatu, yaani zaidi ya wanne katika kila wakazi kumi wa Mkoa wa Dar es Salaam, uliokuwa na watu 5,383,728. Umati huu haupati huduma zake katika majengo marefu ya katikati ya mji. Unahudumiwa na duka la dawa la Mbagala, zahanati ya Tandale, duka la vifaa vya ujenzi la Tegeta, shule binafsi ya Buza, wakala wa fedha wa Tandika na chama cha akiba na mikopo cha walimu wa kata. Biashara ndogo ndizo zinazoshika maisha ya kila siku ya wananchi walio wengi, na leo biashara hizo zinashika pia kumbukumbu zao.

Kompyuta katika maduka hayo si pambo. Tangu mwaka 2010 wafanyabiashara waliosajiliwa kwa Kodi ya Ongezeko la Thamani walitakiwa kutoa stakabadhi kwa mashine za kielektroniki, na mwaka 2013 utaratibu huo ukapanuliwa kwa wengine. Usajili wa kampuni, ritani za kodi, maombi ya leseni, madai ya bima ya afya na malipo ya Serikali kwa kumbukumbu namba vyote vimehamia mtandaoni. Serikali iliwataka wafanyabiashara waingie humo, nao wameingia. Sasa linabaki swali la pili, ambalo halijajibiwa kwa uzito unaostahili: watalindwaje wakiwa humo?

Taifa hili limewahi kulipa gharama ya kupokea mashine pasipo kuwa na watu wa kuitunza. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965 ili kurahisisha hesabu za Serikali. Utaalamu wa kuiendesha ulikuwa wa kigeni kwa sehemu kubwa, wazalendo waliofunzwa walikuwa wachache mno, na matokeo yake yakawa vurugu ya hesabu na hasara. Mwaka 1974 Serikali ilizuia kuingizwa nchini kwa kompyuta na vifaa vyake. Baadaye wapo waliolicheka katazo hilo na kudai kwamba Tanzania ilikuwa inaogopa maendeleo. Yawezekana katazo lilidumu kupita kiasi. Hata hivyo funzo lililokuwa ndani yake halijachakaa: mashine isiyo na mtu wa kuitunza haimkomboi mwenye nayo, bali humfanya kuwa mtumwa wa yule ajuaye kuitengeneza. Ndilo funzo la Azimio la Arusha la mwaka 1967, lililotaja watu kuwa msingi wa kwanza wa maendeleo na kuiweka fedha katika nafasi ya matokeo.

Hakuna leo anayetaka katazo lile lirudi. Mwezi Julai 2009 mkongo wa baharini wa Seacom ulifika Dar es Salaam, na mwaka 2010 ukafuata ule wa EASSy. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao ujenzi wake ulianza mwaka 2009, ukaupeleka uwezo huo mikoani. Hizo zilikuwa hatua za kishujaa za Serikali, na matunda yake yanaonekana. Tarehe 12 Mei 2024, mikongo hiyo miwili ya baharini ilipopata hitilafu na intaneti kudhoofika katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, ilidhihirika jinsi hata duka la uchochoroni lilivyokwisha kuutegemea mtandao. Mlango umefunguliwa wazi. Lakini mlango uliofunguliwa wazi hupitisha wageni na wezi kwa pamoja, na mwenye nyumba ndiye anayepaswa kuwatenganisha.

Hatari zenyewe hazina muujiza wowote. Ya kwanza ni flashi inayozunguka kutoka shule hadi duka, kutoka duka hadi ofisi, ikichukua virusi hapa na kuviacha pale. Ya pili ni ruta ya intaneti iliyoachwa na neno la siri la kiwandani, ambalo yeyote mwenye kuijua aina ya ruta hiyo anaweza kulipata. Mara nyingi ruta hiyohiyo humpa mteja intaneti ya bure anaposubiri zamu yake, huku kompyuta ya mhasibu ikiwa katika njia ileile. Ni sawa na kumkaribisha mgeni sebuleni na kuacha wazi mlango wa chumba cha fedha. Ya tatu ni programu za kunakiliwa, ambazo aliyezivunja kufuli kwanza aliweza pia kutia ndani yake atakacho. Ya nne ni ujumbe wa ulaghai unaomtaka karani afungue faili au ataje namba ya siri kwa kisingizio cha benki, mamlaka ya kodi au kampuni ya simu. Ya tano, iliyo nyepesi kuliko zote kuizuia, ni kukosa nakala ya akiba. Umeme ukikatika ghafla na diski ikafa, hesabu za miaka mitatu hufa nayo.

Wapo wenye maduka wanaosema, “Nani atahangaika na sisi wadogo?” Usemi huu unatokana na kutojua namna hujuma za siku hizi zinavyofanya kazi. Programu mbaya haina orodha ya matajiri. Hupita mlango hadi mlango ulimwenguni kote, ikisukuma kila kitasa, na huingia pale kitasa kilipolegea. Mbu haulizi cheo cha mtu kabla ya kumuuma.

Ushahidi upo. Tarehe 12 Mei 2017 programu iliyopewa jina la WannaCry ilianza kuteka mafaili ya kompyuta na kudai dola 300 ili kuyafungua. Ilienea katika nchi zaidi ya 150. Nchini Uingereza hospitali za umma ziligeuza magari ya wagonjwa na maelfu ya miadi ya matibabu ikaahirishwa. Jambo la kusikitisha ni kwamba dawa yake ilikuwapo. Kampuni ya Microsoft ilikuwa imetoa marekebisho ya kuuziba ufa huo mwezi Machi 2017, miezi miwili kabla ya maafa. Ofisi ya ukaguzi wa hesabu za Serikali ya Uingereza ilieleza baadaye, mwezi Oktoba mwaka huohuo, kwamba hatua za kawaida za usalama zingetosha kuyazuia maafa hayo. Nchi tajiri, yenye wataalamu wengi, iliumizwa kwa sababu kazi ndogo haikufanywa kwa wakati wake.

Kazi hiyo ndogo inaingoja hata steshenari ya Mwananyamala. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikoma kutoa marekebisho ya kawaida ya bure kwa Windows 10, isipokuwa kwa wanaojiandikisha katika mpango maalumu wa nyongeza. Maana yake ni kwamba nyufa zinazogunduliwa tangu siku hiyo katika kompyuta za aina hiyo hazizibwi zenyewe. Ni wenye maduka wangapi wanaolijua jambo hili? Na wale wasiolijua walipaswa kuambiwa na nani? Fundi wa dharura hakuwepo; hakuna aliyemwita, kwa kuwa siku hiyo kompyuta ziliwaka kama kawaida.

Hapo ndipo ulipo mzizi wa tatizo. Haufai kutafutwa katika uvivu wa mafundi wala ubahili wa wenye maduka. Umo katika utaratibu wa malipo. Fundi wa mtaani hulipwa kompyuta inapokufa. Akiitunza vizuri ikaishi, hapati kitu. Akimfundisha karani kutofungua kila ujumbe, amejipunguzia kazi. Utaratibu unaomlipa tabibu kwa ugonjwa na kumnyima kwa afya hauwezi kuzaa kinga, hata kama tabibu mwenyewe ni mtu mwema. Mwenye duka naye huona kwamba kulipia kitu ambacho hakijaharibika ni hasara. Kwa hiyo wote wawili, kwa akili timamu kabisa, huungoja uharibifu.

Mashirika makubwa yamekwisha kulitatua tatizo hili kwa kuajiri idara nzima za TEHAMA, au kwa kuingia mikataba na makampuni yanayolipwa kila mwezi ili mitambo isisimame. Fundi wa namna hiyo hupata faida siku zikipita salama. Kila uharibifu humgharimu yeye muda na jasho. Huo ndio utaratibu sahihi. Ila mwenye duka moja la dawa huko Charambe hawezi kuajiri mtaalamu, wala makampuni makubwa hayana hamu ya mteja mwenye kompyuta mbili.

Jawabu lipo katika desturi ya nchi hii. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, kila mmoja akiwa na magunia yake machache, walisimama sokoni kwa sauti moja walipounda KNCU mwaka 1933. TANU ilipotaka kuifikia kila familia katika miaka ya 1960, iliziunganisha nyumba kumi kumi chini ya balozi mmoja. Katika miaka ya 1980 wanavijiji wa Shinyanga na Tabora walipochoshwa na wezi wa mifugo, hawakungoja kila mwenye ng'ombe aajiri mlinzi wake, waliunda sungusungu. Mitaa ya Dar es Salaam yenyewe inaujua ulinzi shirikishi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kinachohitajika sasa ni kuuhamishia mtandaoni ulinzi uleule ambao wananchi wanaufahamu barabarani.

Chukua mfano wa mtaa wenye maduka kumi yanayotumia kompyuta: steshenari mbili, duka la dawa, zahanati, shule, wakala wa fedha, duka la vifaa vya ujenzi, karakana ya samani, mgahawa na ofisi ya chama cha akiba na mikopo. Kila moja likichangia shilingi 70,000 kwa mwezi, mfuko utakuwa na shilingi 700,000. Fundi mmoja mwenye ujuzi, akifanya kazi siku ishirini kwa mwezi, ataweza kulipa kila duka siku mbili nzima. Katika siku hizo mbili ufa huonekana kabla haujawa shimo. Fedha hizo kwa duka moja si nyingi zikilinganishwa na siku tatu za kufunga, ujira wa fundi wa dharura, na wateja waliokwenda kwa jirani wasirudi.

Mkataba wa fundi wa pamoja uandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka na utaje kazi zake waziwazi. Ahakikishe kwamba marekebisho ya programu yanawekwa yanapotolewa. Achukue nakala za akiba kwa ratiba, nyingine zikae mbali na duka, na kila mara ajaribu kuzifungua, kwa maana nakala isiyojaribiwa ni matumaini tu. Aitenganishe njia ya intaneti ya wateja na ile ya hesabu, na abadilishe maneno ya siri ya kiwandani. Kila mfanyakazi awe na jina lake na neno lake la siri, na anayeacha kazi afungiwe siku hiyohiyo. Awafundishe makarani, kwa nusu saa kila mwezi, kuutambua ujumbe wa ulaghai na kuutuma kwenda namba 15040 iliyowekwa kwa ajili hiyo. Mwisho, aache daftari dukani lenye kueleza alichokifanya, ili akiondoka, mwenye duka asibaki gizani kama Wizara ya Fedha ilivyobaki katika miaka ile.

Yapo mashaka ya haki kuhusu pendekezo hili. Kubwa kuliko yote ni kwamba fundi mwenye funguo za maduka kumi akiwa mwizi, ataiba kumi kwa mkupuo. Shaka hii haifai kupuuzwa, kwa maana kikulacho ki nguoni mwako. Mwezi Novemba 2024 Serikali ya Uganda ilikiri Bungeni kwamba akaunti za Benki Kuu ziliingiliwa, na uchunguzi uliofuata ukawafikisha mahakamani maofisa wa Wizara ya Fedha yenyewe. Uamuzi wa kesi ni wa mahakama, lakini tahadhari ni ya kila mtu: adui si lazima awe ng'ambo. Hata hivyo fundi wa dharura anazo funguo hizohizo leo, bila mkataba, bila mdhamini, bila daftari, na pengine bila jina kamili linalojulikana. Anayeogopa kumkabidhi ufunguo mtu aliyedhaminiwa asisahau kwamba amekwisha kuukabidhi kwa mpita njia. Maneno ya siri ya fedha yabaki kwa mwenye duka. Fundi atunze mashine, asishike akaunti. Kamati ya wanachama watatu ikague daftari lake kila mwezi, kama kamati za usimamizi zifanyavyo katika vyama vya ushirika.

Kuna pia suala la sheria, ambalo watumishi wa umma wanapaswa kuwaeleza wananchi bila kuwatisha. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamwadhibu anayeingia katika kompyuta ya mwingine bila ruhusa. Lakini Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtazama pia anayezishika taarifa hizo. Anayekusanya au kuchakata taarifa za watu anatakiwa kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kuzilinda taarifa hizo, na kutoa ripoti usalama wake unapovunjwa. Zahanati yenye majalada ya wagonjwa imo. Shule yenye orodha ya wanafunzi na namba za wazazi imo. Chama cha akiba na mikopo chenye mishahara na madeni ya walimu kimo. Mwenye zahanati hawezi tena kusema kwamba virusi ni bahati mbaya yake mwenyewe. Siri iliyovuja ni ya mgonjwa.

Serikali imetimiza sehemu yake kubwa kwa kujenga mikongo na kutunga sheria. Sehemu iliyobaki iko karibu zaidi na wananchi, nayo ni ya halmashauri. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi: nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili kurekebisha kasoro, ikarejeshwa mwaka 2024. Vikundi vingi vya vijana huomba pikipiki, na si vibaya. Lakini kikundi cha vijana watano waliohitimu TEHAMA, wenye mikataba ya maduka hamsini, ni mkopaji wa uhakika, kwani mapato yake ya kila mwezi yanajulikana kabla ya mkopo kutolewa. Maofisa maendeleo ya jamii wa Temeke na Kinondoni wangefanya vyema kuvitafuta vikundi vya namna hiyo na kuvisaidia kuandika mikataba yao, bila kungoja viwafuate ofisini.

Vijana wenyewe wapo. Kijitonyama kuna kampasi ya TEHAMA ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Chang'ombe kuna chuo cha VETA. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam nayo hutoa mafundi kila mwaka. Wengi wa wahitimu hao huzunguka na bahasha wakitafuta ajira katika ofisi zile zile chache za mjini, huku maduka yaliyo mita mia kutoka nyumbani kwao yakikosa mtu wa kuyatunza. Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, ilikusudia kwamba msomi airudie jamii iliyomsomesha na kuitumikia mahali ilipo. Vyuo vingefanya jambo la maana kama vingeyahesabu mazoezi ya vitendo yanayofanywa katika maduka ya mtaani kwa uzito uleule wa yale yanayofanywa katika mabenki.

Mwisho, liko jukumu la walimu na watumishi wa umma wenyewe. Haifai mtumishi amlaumu mwenye steshenari ikiwa yeye ndiye aliyemwandikia neno lake la siri kwenye kipande cha karatasi na kusema, “Nijazie, nitapita jioni.” Neno la siri la mfumo wa Serikali ni sawa na mhuri wa ofisi, hakuna mtumishi mwenye akili anayemwachia mhuri mchapaji. Mwalimu naye anayeacha faili la mtihani katika kompyuta ya duka, bila kulifuta na bila kujua nani atakaa kwenye kiti hicho baada yake, ameuvujisha mtihani hata kama hakupokea senti. Mitihani ichapwe shuleni pale penye mashine. Pasipo na mashine, mwalimu asimame karibu hadi kazi imalizike, aifute mwenyewe, na aitembeze flashi yake chini ya ukaguzi wa programu ya kuua virusi kabla ya kuirudisha ofisini.

Watumishi hao ndio wateja wakubwa wa maduka haya na ndio wanachama wa vyama vya akiba na mikopo. Wanayo nguvu ambayo hawajaitumia. Katika mkutano mkuu ujao wa chama chao, mwanachama mmoja asimame aulize maswali matatu: nakala za hesabu zetu zinakaa wapi, nani alizijaribu mara ya mwisho, na fundi anayeshika kompyuta yetu anadhaminiwa na nani. Bodi isiyoweza kujibu maswali hayo haijazilinda akiba za wanachama, hata kama sanduku la fedha lina kufuli tatu.

Mwaka 1965 nchi ilikuwa na kompyuta moja na ilikosa watu. Leo kompyuta zimejaa kutoka Bunju hadi Mbagala, na watu wenye ujuzi wapo. Kilichokosekana ni kuwaunganisha. Kazi hiyo haihitaji mfadhili wala mtaalamu kutoka ng'ambo. Inahitaji majirani kumi wakae kikao, waandike mkataba na wachange. Mitaa ya Temeke na Kinondoni ilikwisha kufanya hivyo dhidi ya vibaka wa usiku. Na ifanye hivyo sasa dhidi ya wezi wasiohitaji usiku.